Nani kazi yake ni kutazama taaluma zote kwa pamoja?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu usomwe na watu wa fani tofauti, maana wa fani moja tukibaki peke yetu tutakubaliana haraka na hakuna atakayejifunza kitu.

Hoja yangu ni hii. Sehemu kubwa ya majibu tunayoyatafuta imeshapatikana, ila imekaa vipande vipande mikononi mwa watu wasiosomana. Kuvikusanya vipande hivyo na kuvitazama kwa pamoja ni kazi kamili ya kisomi. Ina mbinu zake, inaweza kufanywa vizuri na inaweza kuharibiwa. Lakini vyuoni inachukuliwa kama starehe ya wastaafu, au kimbilio la walioshindwa kubobea.

Chukueni kisa cha dinosauri. Mwisho wake kila mtu anaujua: asteroidi, yaani mwamba mkubwa wa angani, iliipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita. Njia iliyotufikisha kwenye jibu hilo ndiyo haisimuliwi vya kutosha.

Mwanajiolojia Walter Alvarez alikuwa anachunguza miamba ya chokaa karibu na mji wa Gubbio, Italia. Kati ya tabaka la enzi ya dinosauri na tabaka linalofuata kuna utepe mwembamba wa udongo wa mfinyanzi. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa kwa mtu wa miamba: utepe huu ulichukua muda gani kujijenga? Jiolojia haikuwa na kipimo cha kumjibu. Akalipeleka swali kwa baba yake, Luis Alvarez, mwanafizikia aliyetunukiwa Nobel mwaka 1968. Baba akapendekeza wapime iridiamu, metali iliyo adimu sana kwenye ganda la dunia lakini hutuangukia kidogo kidogo pamoja na vumbi la angani. Ikiwa vumbi hilo huanguka kwa kasi isiyobadilika, basi wingi wa iridiamu ungeonyesha muda uliopita. Frank Asaro na Helen Michel, wanakemia wa nyuklia, ndio waliopima. Wakakuta iridiamu karibu mara 30 ya ile iliyomo kwenye chokaa ya jirani. Kiasi hicho hakikuwa na maana kama kipimo cha muda, lakini kilikuwa na maana kubwa kama alama ya kitu kikubwa kilichotoka angani. Makala yao ya 1980 ina majina ya hao wanne.

Hiyo ni nusu ya kisa, nusu inayopendeza. Nusu ya pili inauma.

Baada ya 1980 watu wakaanza kuisaka kasoko. Kitu kikubwa hivyo kikigonga dunia lazima kiache shimo. Na shimo lilikuwa limeshaonekana! Mwaka 1978 Glen Penfield, mwanajiofizikia aliyekuwa kwenye kazi ya kutafuta mafuta, aliona katika vipimo vya usumaku umbo kubwa la nusu duara kwenye pwani ya rasi ya Yucatán, Meksiko. Alipolinganisha na vipimo vya nguvu ya uvutano vya nchi kavu, duara likakamilika. Yeye na Antonio Camargo wa shirika la mafuta la Pemex walilieleza jambo hilo mwaka 1981, kwenye mkutano wa wanajiofizikia wa utafutaji mafuta. Wenye jibu wakaongea, wenye swali hawakuwemo ukumbini. Karibu miaka kumi ikapita. Mwaka 1990 mwandishi wa gazeti la Houston Chronicle, Carlos Byars, ndiye aliyemwambia mtafiti Alan Hildebrand kwamba kuna mtu aliwahi kusema ameona duara Yucatán. Mwaka 1991 ikatoka makala iliyoitambulisha kasoko ya Chicxulub, yenye upana wa takriban kilomita 180.

Mwandishi wa gazeti, jamani. Kati ya wataalamu wote wale, aliyeunganisha ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza kila upande.

Na hakuna aliyezembea. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri ndani ya fani yake. Ndiyo maana nauliza: kama kila mtu akifanya kazi yake vizuri bado miaka kumi inapotea, kazi ambayo haina mwenyewe ni ipi?

MwanaMaabara

Mkuu, uzi mzuri, ila naomba nitofautiane nawe mapema kabla watu hawajaanza kupiga makofi.

Mshika mbili moja humponyoka. Luis Alvarez hakupata wazo la iridiamu kwa sababu alikuwa anasoma kila kitu. Alilipata kwa sababu alikuwa amezama kwenye fizikia ya nyuklia kwa miongo mingi. Asaro na Michel waliweza kupima kiasi kidogo namna ile kwa sababu ya ubobezi. Ukiwaondoa wabobezi, huyo mtazamaji wa yote atatazama nini?

Pili, umeleta kisa kilichofaulu. Niruhusu nilete kilichoharibika. Lord Kelvin, mmoja wa wanafizikia wakubwa kabisa wa zama zake Uingereza, alitoka kwenye fani yake akaingia ya wanajiolojia. Mwaka 1862 alikokotoa umri wa dunia kwa kutazama jinsi tufe la mwamba linavyopoa, akapata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kadiri miaka ilivyokwenda akazidi kuubana, hata kufikia 1897 akawa anasema kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia walikuwa wanaona matabaka mazito yaliyohitaji muda mrefu zaidi. Darwin naye, kwa nadharia yake ya mageuzi ya viumbe, alihitaji muda mrefu zaidi. Lakini nani angebishana na hesabu za Kelvin? Leo tunajua dunia ina miaka bilioni 4.5 na ushee. Huo nao ulikuwa mtazamo wa kuvuka taaluma, na uliwachelewesha watu waliokuwa wanaona sawasawa kwa macho yao.

Tatu, nimekaa kwenye mikutano ya wanaojiita watu wa taaluma nyingi. Mara nyingi ni maneno makubwa ambayo hayawezi kupimwa popote.

Mkutubi

Nitamwachia mleta mada suala la Kelvin. Mimi nataka kuonyesha kwamba kazi hii ina mbinu, maana MwanaMaabara amegusia kwamba ni maneno matupu.

Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alianzia kwenye fizikia akahamia kwenye elimu ya maktaba na habari. Mwaka 1986 alichapisha makala ambayo haikuwa na jaribio hata moja la maabara. Alichofanya ni kusoma mafungu mawili ya makala za tiba. Fungu la kwanza lilihusu ugonjwa wa Raynaud, ule ambao mishipa ya damu ya vidole hujibana kwa baridi hadi vidole vinabadilika rangi na kuuma. Makala hizo zilieleza kwamba damu ya wagonjwa wengi ina mnato mkubwa, na kwamba chembe sahani zake, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zina tabia ya kushikamana. Fungu la pili lilihusu mafuta ya samaki. Huko ilielezwa kwamba mafuta hayo hupunguza mnato wa damu na hupunguza kushikamana kwa chembe sahani.

Mnaona inakoelekea. Waandishi wa fungu moja hawakuwa wakiwanukuu wa fungu la pili. Swanson akaandika kwamba huenda mafuta ya samaki yakawafaa wagonjwa wa Raynaud, na hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa maandishi. Mwaka 1989 likachapishwa jaribio la kitabibu lililoonyesha nafuu kwa baadhi ya wagonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 1988, alikuwa amefanya vilevile kwa upungufu wa magnesiamu na kipandauso.

Kinachonigusa zaidi ni jina alilolipa jambo hili. Aliyaita maarifa ya hadharani ambayo hayajagunduliwa. Kila ukurasa ulikuwa rafuni, wazi kwa yeyote. Kilichokosekana ni msomaji mmoja aliyezisoma rafu zote mbili huku akiwa na swali kichwani.

Mbinu yake inafundishika. Chukua tatizo, orodhesha hali zinazoambatana nalo, kisha kila hali itafute kwenye fani nyingine ambako inajadiliwa kwa sababu tofauti kabisa. Halafu hakikisha kwamba pande hizo mbili hazinukuliani. Zikiwa zinanukuliana, kuna mtu alishafika kabla yako.

HesabuKwanza

Upande wetu wa hisabati mifano ni mingi hadi inasikitisha.

Allan Cormack alikuwa mwanafizikia huko Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa asaidie hospitali ya Groote Schuur kusimamia matumizi ya mionzi. Akagundua kwamba madaktari wanakadiria dozi kana kwamba mwili ni kitu kimoja kisicho na tofauti ndani, ilhali mfupa, mapafu na misuli hufyonza mionzi kwa viwango tofauti. Akajiuliza: ukipitisha mionzi mwilini kwa pande zote na kupima kinachotokea upande wa pili, unaweza kurudi nyuma na kuchora kilichomo ndani? Alilitatua swali hilo mwenyewe, akachapisha 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Miaka kadhaa baadaye, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza, akaunda mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi kutoka pande nyingi, bila kutegemea kazi ya Cormack. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mwaka 1971. Wote wawili wakatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1979, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa tiba.

Sasa sikilizeni. Hisabati yenyewe ya tatizo hilo ilikuwa imeshatatuliwa mwaka 1917 na Johann Radon, mwanahisabati wa Austria. Cormack alikuja kulijua hilo baadaye sana, kazi yake ikiwa imeshakwisha. Suluhisho lilikuwepo kabla hata mtu yeyote hajafikiria mashine.

Mfano wa pili ni wa aina nyingine. Mwaka 1994 jarida la Diabetes Care lilichapisha makala yenye njia mpya ya kupima eneo lililo chini ya mstari wa grafu ya sukari katika damu. Njia yenyewe ni kuligawa eneo katika vipande vyenye pande mbili sambamba na kuvijumlisha. Hiyo ni kanuni ya trapeza, inafundishwa kwa wanafunzi wanaoanza kalkulasi. Watu wakamcheka mwandishi sana mitandaoni, na mimi sipendi kicheko hicho. Kosa ni la mfumo. Wahakiki walipitisha, mhariri alipitisha, kwa sababu hakuna hata mmoja katika mlolongo huo ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza shingo na kutazama fani ya jirani.

Na kanuni hiyo ni ya zamani kuliko tulivyodhani. Mwaka 2016 Mathieu Ossendrijver alionyesha kwamba wanajimu wa Babeli, karne kadhaa kabla ya Kristo, walitumia eneo la trapeza kukokotoa umbali ambao sayari ya Mshtarii husogea angani. Vibao vya udongo vyenye hesabu hizo vilikuwa vimekaa kwenye makumbusho miaka mingi. Aliyevielewa alikuwa amesomea fizikia ya anga na pia anasoma maandishi ya kikabari, yale ya kale yaliyochorwa kwenye udongo. Mtu mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili angepita.

Mleta mada

HesabuKwanza, huo mfano wa Babeli sikuujua, umenifurahisha sana.

MwanaMaabara, hoja yako ya kwanza naikubali yote. Bila wabobezi hakuna cha kutazama. Sijasema ubobezi upunguzwe. Nasema kuna kazi ya ziada ambayo haina kiti, haina bajeti, na mwenye kuifanya hapandishwi cheo kwa sababu hiyo.

Ila kisa cha Kelvin naomba tukitazame kwa karibu zaidi, kwa sababu nadhani kinafundisha kinyume cha ulichokusudia. Watu wengi husema Kelvin alikosea kwa sababu unururifu (baadhi ya atomi kuvunjika zenyewe na kutoa joto) ulikuwa haujajulikana, kwamba hakujua dunia ina chanzo cha joto ndani yake. Sehemu hiyo ina ukweli wake, lakini mwaka 1895, kabla unururifu haujagunduliwa, msaidizi wake wa zamani John Perry alikuwa ameshamwonyesha tatizo. Kelvin alichukulia kwamba joto husafiri ndani ya dunia kama ndani ya mwamba mgumu, polepole na kwa kiwango kilekile kotekote. Perry akasema: ikiwa sehemu za ndani zinapitisha joto vizuri zaidi, kwa mfano kwa kutiririka, hesabu hizohizo zinaruhusu umri wa mabilioni ya miaka. Na Perry alianzia wapi? Alianza kwa kuwaamini wanajiolojia. Alijiambia kwamba kama matabaka na visukuku vinadai muda mrefu, basi kuna dhana fulani ndani ya fizikia yetu inayohitaji kuchunguzwa upya.

Hapo ndipo ninapoweka mstari. Kelvin alivuka mpaka akiwa hakimu, na ushahidi wa wenyeji akauhesabu kuwa maoni tu. Perry aliuchukua ushahidi wa jirani kuwa na uzito sawa na wa nyumbani kwake, kisha akauliza ni nini kivunjike ili vyote viwili viwe kweli. Mtazamo wa jumla ninaoutetea ni wa Perry. Wa Kelvin ni fani moja kujitanua tu, hata kama umevaa sura ya upana.

Hili tunaliona hadi leo. Mtu akiwa na chombo chenye nguvu, iwe takwimu, uchumi, jenetiki au kompyuta, hushawishika kwamba fani zilizochelewa kukipata zimekuwa zikilala. Anaingia, anatoa jibu kwa siku chache, na hasomi hata makala kumi za watu walioishi na tatizo hilo maisha yao yote.

MsomiMchanga

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Niko kwenye shahada ya uzamivu, mada yangu iko katikati ya fani mbili. Msimamizi wangu ananiambia nichague moja, kwamba watahini wa upande wa kwanza wataniona sina kina, na wa upande wa pili wataniona mgeni. Haya mnayoyasema yananipa moyo, lakini waliotajwa hapa karibu wote walishakuwa na majina au ajira za kudumu. Sisi tunaoanza tufanyeje?

Pia nimesoma kwamba Plato, katika mpango wake wa elimu, aliweka hatua hii kuanzia umri wa miaka 20: waliochaguliwa wakusanye masomo waliyoyapata utotoni yakiwa yametengana na kuona undugu wake. Kwa hiyo kwake hayakuwa mambo ya wastaafu.

Mkutubi

Mdogo wangu, msimamizi wako hana nia mbaya, anakulinda na hatari iliyopo kweli. Ushauri wangu ni uwe na sura moja au mbili za tasnifu ambazo mbobezi wa upande mmoja akizikagua hatapata pa kushika. Hizo ndizo zitakazokupa haki ya kusikilizwa. Fani ya pili iingie kama chanzo cha swali au cha ushahidi ambao fani yako ilikuwa haina.

Kuhusu kujifunza fani ya pili, usianze na makala mpya kabisa. Chukua kitabu wanachosomea wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza ukimalize, pamoja na mazoezi. Wengi hulionea aibu hilo, ndiyo maana wanabaki wageni. Kisha soma mabishano yao ya ndani: wao kwa wao wanagombania nini, na mtu akishindwa hoja anashindwa kwa ushahidi wa aina gani? Mwanahistoria akiona waraka mmoja wenye tarehe huridhika mahali ambapo mtu wa takwimu angeona hakuna kitu. Na mtu wa takwimu huridhika na wastani ambao kwa mwanahistoria hauelezi tukio lolote. Usipolijua hilo utaleta ushahidi usiohesabika machoni pao, kisha ulalamike kwamba hawakusikilizi.

Kingine, jitahidi ujue kitu chako kinaitwaje huko. Kitu kilekile kinaweza kuwa na majina matatu katika fani tatu, na ukitafuta kwa jina lako tu hutakipata kamwe.

MwanaMaabara

Mleta mada, hoja ya Perry nimeipokea. Nibakize swali langu la mwisho, nalo ndilo la msingi kwangu. Mbobezi akikosea, wenzake wanamkamata. Mtu wa mtazamo wa jumla akikosea, nani anamkamata? Hana wenzake.

Mleta mada

Swali hilo ndilo linalotenganisha kazi na porojo, nashukuru umelileta.

Anakamatwa na wabobezi, kila mmoja kwa kipande chake, mradi ameandika dai linalokamatika. Swanson alitoa dai ambalo daktari angeweza kulijaribu kwa wagonjwa na kulikataa. Wakina Alvarez walitoa dai ambalo mtu yeyote angeweza kulipima kwenye tabaka hilohilo mahali pengine duniani, na watu wakapima. Anayesema tu kwamba "kila kitu kinahusiana na kila kitu" hajasema kitu, na hapo nakuunga mkono kwa asilimia mia.

Niongeze kisa kimoja, maana kinaonyesha pia hatari ya kuwaachia wabobezi wa kundi moja wajikague wenyewe. Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani, ndiye aliyetoa umri wa dunia tunaoutumia hadi leo. Mwaka 1956, kwa kupima isotopu (aina za atomi zenye uzito tofauti) za risasi, ile metali nzito, ndani ya vimondo, alipata miaka bilioni 4.55. Katika kazi hiyo alisumbuliwa miaka mingi na risasi iliyochafua sampuli zake. Ilikuwa hewani, kwenye vumbi, kwenye vyombo, kwenye nywele. Ikabidi ajenge maabara safi kupita kiasi. Mtu mwingine angesafisha meza na kuendelea na miamba. Patterson akauliza risasi hii yote inatoka wapi. Akapima maji ya bahari, baadaye barafu ya Greenland, akaona kiwango kimepanda mno katika zama za viwanda. Kwa sehemu kubwa ilikuwa inatoka kwenye petroli.

Afya ya risasi ilikuwa na wataalamu wake. Mkubwa wao, Robert Kehoe, alikuwa akifadhiliwa na kampuni zilizohusika na petroli hiyo, na kwa miongo mingi alishikilia kwamba kuwa na risasi mwilini ni hali ya asili na kwamba viwango vya kawaida havina madhara. Watu wake wa kulinganishia nao walikuwa wakiishi katika dunia ileile iliyokwisha kuchafuka. Kutoka ndani ya toksikolojia, yaani elimu ya sumu, peke yake ilikuwa vigumu kuliona hilo, kwa sababu hakukuwa na mtu msafi wa kulinganisha naye. Mwanajiokemia aliona kwa kuwa yeye alizoea kuuliza kiwango cha asili ni kipi, kabla ya binadamu kuchimba. Mwaka 1965 alichapisha hoja hiyo kwenye jarida la afya ya mazingira, akapingwa vikali kwamba ameingia yasiyomhusu. Vipimo vyake vingeweza kurudiwa, vikarudiwa, vikasimama. Petroli yenye risasi ikaanza kuondolewa nchi moja baada ya nyingine, hadi Algeria ilipokuwa ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari mwaka 2021.

Kwa hiyo, MwanaMaabara, Patterson alikuwa na wenzake wa kumkamata katika pande mbili. Waliobaki bila wa kuwakamata kwa miaka 40 ni wale waliokuwa wamekaa upande mmoja.

MsomiMchanga

Mkuu, nimekwenda kukisaka kile kitabu cha mwaka wa kwanza alichosema Mkutubi, cha fani yangu ya pili. Sura ya tatu tayari ina kipimo ambacho sisi upande wetu tunakihangaikia kwa jina lingine. Naomba kama kuna mtu wa ikolojia humu anijulishe, nina swali dogo lenye data zake, nataka anionyeshe wapi linavunjika kabla sijamfuata msimamizi.